Fundi wa kupaua wa kuaminika Arusha na Moshi mnampataje? Vuli inakaribia na boma liko wazi

#1 BomaLaMoshono
Wakuu habari zenu. Nina boma langu Moshono, vyumba vitatu na sebule, limekaa miaka miwili linanyeshewa maana hela iliishia kwenye linta. Sasa hivi nimejikusanya, mbao na bati nazimudu, nataka nipaue kabla vuli haijaanza. Kinachonisumbua ni fundi. Wameshakuja wanne na kila mmoja kanipa hesabu yake. Wa kwanza kasema bati 96, wa pili 110, wa tatu 124, wa nne hata futi hakutoa mfukoni, kasimama barabarani akaangalia boma akaniambia bosi andaa bati 130 zikibaki zitarudi dukani. Boma ni hilohilo na kuta ni zilezile, sasa hizi bati 34 za tofauti zinatoka wapi?

Naogopa kwa sababu nimeshaona. Nyumba ya wazazi Marangu ilipauliwa na fundi aliyesifiwa na kila mtu, masika ya kwanza tu mama akawa anatega ndoo nne sebuleni na beseni moja juu ya kitanda. Fundi akaja mara mbili akapaka lami juu ya misumari, mara ya tatu simu ikawa haipatikani. Mpaka leo mama akiona wingu limekaa upande wa mlima anaanza kuhamisha viti.

Kuna mzee mmoja mtaani ananiambia fundi wa kupaua humjui kwa maneno wala kwa bei, unamjua kwenye vale tu, pale pande mbili za paa zinapokutana. Ni kweli? Nyie mliompata wa uhakika mlimjuaje kabla hajapanda juu?

#2 chalii_wa_kwamrombo
Pole arifu. Bati 130 kwa kuangalia kwa macho? Hizo zitakazobaki zinarudi kwake, siyo dukani. Mimi ushauri wangu we chukua geji 32 ambayo ndiyo nene kuliko zote, hapo hata fundi awe mbovu bati litakubeba.

#3 Mangi_Kibosho
Tafuta kampuni iliyosajiliwa CRB umalize stori, mnasaini mkataba, wakiharibu unawashtaki. Mafundi wa mtaani ndio wanatumaliza. Ila nyie wa Marangu mnapenda bei chee, tuseme ukweli.

#4 fundi_kenchi
Habari zenu wakubwa. Mimi ni fundi, niko Sakina, sijaja kutafuta kazi humu, nimekuja kwa sababu ya hiyo hesabu ya bati maana tunatukanwa wote kwa kosa la wachache.

Kwanza chalii #2 umempoteza mwenzio. Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Geji 32 ukilikanyaga vibaya wakati wa kupaua linabonyea palepale na maji yatasimama pale maisha yake yote.

Pili, bati 96 na bati 124 zote zinaweza kuwa za kweli. Inategemea fundi anakutengenezea paa gani. Paa la gebo, pande mbili tu, halipotezi bati. Paa la pande nne lenye vale mbili tatu linakula bati kwa sababu kila kona unakata mshazari na kile kipande kilichobaki mara nyingi hakina kazi. Halafu upenu, lile paa linalotokeza nje ya ukuta. Mmoja kaweka upenu wa futi mbili mwingine futi tatu, zungusha hiyo futi moja nyumba nzima uone. Halafu bati lenyewe, la migongo midogo na la msauzi hayafuniki upana sawa. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu mwizi muulize, umenipigia paa gani? Akikuchorea hata kwenye mfuko wa sementi na vipimo vyake, huyo kapima. Akikwambia "bosi wewe niamini" basi hajapima.

Kuhusu vale mzee wako kasema kweli kwa sehemu kubwa. Vale ndipo maji ya pande mbili yanakutana. Fundi mwenye haraka anaweka kipande chembamba kilichobaki, anapigilia misumari mle mle njia ya maji, majani ya mti yakijaa tu maji yanapanda juu ya ukingo yanaingia ndani. Vale inatakiwa iwe pana, ipigwe mbao chini yake pande zote mbili, ikunjwe ukingo, na msumari usiguse katikati.

#5 QS_Majengo
Mangi #3 naomba nirekebishe kidogo. CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ilianzishwa kwa Sheria namba 17 ya 1997 na inasajili makandarasi kwa madaraja, la kwanza ndilo kubwa na la saba la chini. Hao ni makampuni. Fundi anayekuja na msumeno na wasaidizi wawili hayumo mle na hiyo peke yake haimfanyi kuwa tapeli. Cha kumuuliza fundi wa aina hiyo ni cheti cha VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti, siyo lazima awe amekaa darasani. Wapo Moshi na Arusha pia.

Ila nakubali kwamba mkataba ni muhimu hata kwa huyo wa mtaani.

#6 MamaMbili_Njiro
Cheti ni kizuri ila fundi aliyeniliza mimi alikuwa nacho, kimewekwa na plastiki kabisa. Nilimpa laki nane ya advansi ya ufundi, akapiga kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, siku tatu, siku ya nne akasema ana msiba Singida. Nikampa pole na nauli juu. Wiki ya tatu nikaambiwa na saidia fundi wake kwamba bosi yuko saiti nyingine Olasiti, ameanza nyumba ya mtu. Kenchi zangu zilikaa nje mwezi mzima zikapigwa jua zikapinda.

Toka hapo nina taratibu yangu na nimepaua nyumba mbili kwa taratibu hiyo. Advansi natoa ya kumuwezesha kuanza tu. Kenchi na papi, zile mbao za kulazia bati, zikiisha napanda mwenyewe ngazi naangalia, ndiyo natoa ya pili. Bati likiisha natoa ya tatu. Halafu nabakiza kiasi mpaka mvua kubwa moja ipige. Tunaandika yote kwenye karatasi na mwenyekiti wa mtaa anashuhudia. Fundi wawili walikataa hapo kwenye kubakiza wakaondoka. Nikashukuru Mungu.

#7 fundi_kenchi
Mama shikamoo. Hapo kwenye kubakiza na sisi tuelewe. Nimeshabakiziwa laki tatu na mtu mpaka leo ni mwaka wa nne, mvua zimepiga, paa halivuji, kila nikimpigia anasema subiri. Kwa hiyo fundi akikataa siyo lazima awe mwizi, pengine ameshaumwa huko nyuma.

#8 MamaMbili_Njiro
Marahaba mwanangu. Hilo nalikubali, ndiyo maana kwenye karatasi tunaandika tarehe. Mvua ipige isipige, ikifika tarehe hiyo analipwa. Tusidhulumu watu.

#9 Mstaafu_Tengeru
Salaam. Nyumba yangu ya Tengeru niliipaua 1996. Imepita kwenye elnino ya 1997 na 1998 ambayo wengi humu mlikuwa hamjazaliwa au mko mgongoni kwa mama, imepita ya 2023, haijavuja hata tone. Fundi alikuwa hajui kusoma. Mbao zilikaa nyuma ya nyumba wiki sita zimepangwa na vijiti katikati ndipo akakubali kuzigusa. Nilimgombeza sana kwa kunichelewesha na yeye akawa ananiambia mbao bado inalia mzee, subiri inyamaze.

Siku hizi mbao inashushwa asubuhi na jioni iko juu. Inakauka ikiwa imeshapigiliwa, inajikunja, msumari unalegea, bati linanyanyuka, halafu mnalaumu bati. Mimi nasema tatizo kubwa la mapaa ya sasa ni mbao mbichi. Fundi anayekubali kupigilia mbao mbichi bila kusema neno, huyo muogopeni.

#10 Hadwea_Kiboriloni
Mzee nakuunga mkono na mimi nauza hizo mbao. Tunazo za paina kutoka Iringa, Sao Hill kule Mufindi, na za huku kwetu za mashamba ya serikali, West Kilimanjaro na Rongai. Mteja akija anauliza bei, haulizi imekatwa lini. Na kuhusu dawa pia tusidanganyane, ule ukijani wa nje siyo ushahidi. Kuna mbao iliyoingizwa dawa kwa mtambo na kuna iliyopakwa juu juu. Kata kipande inchi sita kutoka mwisho uangalie ndani. Ukijani umeingia au ndani nyeupe kabisa na rangi ni ya ganda tu? Mchwa wa Pasua na wa kule mashamba ya miwa ya TPC hawajali rangi.

#11 dada_wa_Pasua
Mchwa wa Pasua umetajwa nikaitika jamani 😅 wamekula wolpleti yangu, ile mbao inayolala juu ya ukuta, miaka mitano tu.

Ila kaka wa hadwea #10 tuambie na hili. Fundi akinipeleka kwenye duka lake anapewa kitu au hapewi? Maana mimi fundi wangu alikataa katakata nisinunue sehemu nyingine, akanuna kabisa.

#12 Hadwea_Kiboriloni
Anapewa. Siwezi kuficha. Siyo maduka yote na siyo mafundi wote ila kuna kitu tunamuangalizia fundi aliyeleta mteja. Wengine ni soda, wengine ni asilimia. Duka lingine hiyo asilimia inaongezwa kwenye bei yako. Dawa yake chukua orodha ya vifaa kutoka kwa fundi kwa maandishi, nenda mwenyewe maduka matatu, ulizia bei zote, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti siku bati likipauka rangi mwaka wa pili huna pa kuanzia kudai.

#13 QS_Majengo
Hapo ndipo nilitaka tufike. Mkuu #1 katika hizo bati 34 kuna zinazoweza kuwa za upenu na za vale kama #4 alivyosema, na kuna zinazoweza kuwa za asilimia. Huwezi kujua mpaka uone mchoro.

Na unene wa bati usiishie kwenye neno geji. Ukiambiwa 28 na kiwanda hiki na 28 na kiwanda kingine ukapima kwa maikromita unaweza kukuta tofauti. Wengine wanahesabu chuma pamoja na rangi na utando wa zinki au aluzinki, wengine chuma kitupu. Kama huna maikromita tumia mizani ya dukani. Chuma cha milimita 0.3 ni karibu kilo 2.4 kwa mita moja ya mraba, cha 0.4 ni karibu kilo 3.1. Bati la mita 3 lililokatwa kwenye rola la upana wa milimita 914 lina karibu mita za mraba 2.7, kwa hiyo la 0.3 litakuwa karibu kilo 6 na nusu na la 0.4 karibu 8 na nusu. Upana upime kwa kamba inayofuata mabonde na migongo, usipime juu juu. Geji 28 inatakiwa iwe karibu na 0.4, kwa hiyo ukikuta bati la urefu na upana huo linaloitwa 28 lina kilo 6, rudisha.

Nimeshawahi kumuona fundi anabeba bati mkononi anasema hili siyo 28, na mizani ikamkubali. Fundi wa namna hiyo unakaa naye.

#14 upepo_kisongo
Mnasahau upepo. Huku Kisongo paa linaondoka zima zima. Jirani yangu paa lote liliruka likaenda kutua kwenye zizi la mtu. Bati lilikuwa jipya, mbao kavu, tatizo fundi alitoka mjini akapigilia kama anapaua Kaloleni kwenye nyumba zimebanana zinazuiliana upepo. Hakufunga wolpleti na ukuta. Hakuna waya, hakuna nondo, imelazwa tu juu ya tofali. Fundi aliyerudia alikuja akauliza kwanza upepo unatoka wapi, akaanza kulaza bati kutokea upande wa pili ili maungio yasiangalie upepo. Hilo swali moja tu ndilo lililonifanya nimpe kazi.

#15 chalii_wa_kwamrombo
Asante fundi kwa kunirekebisha geji, kumbe nilishapigwa maana ya kwangu ni 32 na nililipia kwa kujivunia.

Swali sasa. Msumari unapigwa mgongoni au bondeni? Wangu kapiga skrubu bondeni zote.

#16 fundi_kenchi
Mgongoni. Maji yanapita bondeni, unatoboaje njia ya maji?

#17 ramani_na_rula
Fundi samahani, siyo rahisi hivyo. Nimesoma ATC, chuo cha ufundi hapa Arusha, na nimefanya kazi na mabati ya migongo mipana. Ukipiga mgongoni na pale chini pako wazi, ukikaza sana mgongo unabonyea, usipokaza raba haibani. Bondeni bati limekaa juu ya papi moja kwa moja, skrubu inashika vizuri na raba inabana. Nchi nyingine wanapiga bondeni na hazivuji. Cha muhimu ni skrubu yenye raba nzuri na mtu anayejua kukaza.

#18 fundi_kenchi
Raba nzuri unaipata wapi na itakaa miaka mingapi kwenye jua hili? Ikipasuka ile ya mgongoni maji hayafiki. Ya bondeni yanaingia kila mvua. Nimepanda kurekebisha mapaa ya bondeni Muriet zaidi ya mara tatu.

#19 ramani_na_rula
Na mimi nimepanda kurekebisha ya mgongoni yaliyobonyezwa na nyundo. Tukubaliane kutokubaliana fundi wangu.

#20 Mangi_Kibosho
Kumbe hata wenyewe hamjakubaliana halafu mnataka sisi tuchague 😂

Nyumba yangu Kibosho ilikuwa "inavuja" kila Julai. Mvua hamna, ni ule ukungu na baridi, asubuhi unakuta matone kwenye kitanda. Nimebadilisha misumari, nimemfukuza fundi, nimegombana na aliyeniuzia bati. Mwisho kijana mmoja akapanda darini saa kumi na moja alfajiri na tochi, akaniita nipande. Bati lote kwa ndani limelowa, linatoa jasho! Hewa ya joto ya ndani na mvuke wa jikoni vinapanda, vinakutana na bati la baridi vinakuwa maji. Hapakuwa na tundu hata moja. Akafungua matundu ya hewa kwenye upenu pande mbili, ikaisha. Yule fundi niliyemfukuza nilimtafuta nikamuomba radhi.

Kwa hiyo mdau #1 pengine ile ya Marangu nayo ni jasho.

#21 BomaLaMoshono
Mangi ndoo nne wakati mvua inanyesha siyo jasho, hilo ni bomba. Lakini hii ya jasho sikuwahi kuisikia, nitamwambia fundi aweke matundu toka mwanzo. Asanteni wote, nasoma kila kitu.

#22 Kipimamvua_UsaRiver
Naingia kwa upande mwingine kidogo mnisamehe. Ukiwa unachagua fundi wa paa huku Arusha mashariki, Usa, Ngurdoto, Maji ya Chai, chagua anayejua gata, yaani mfereji wa kukusanya maji ya paa. Maji yetu ya ardhini yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano ya Meru, meno ya watoto yanakuwa kahawia, na wengine mifupa inaathirika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huu vinapita hapo. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Mimi watoto wangu wawili wa mwisho wamekunywa maji ya paa na meno yao meupe, wale wa kwanza walikunywa ya kisima, na tofauti wanaiona wenyewe kwenye picha za familia.

Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa linalofunika mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 2400, ukitoa yanayopotea unabaki na kama 2000. Hilo ni simtanki zima kwa mvua moja. Sasa fundi akifunga fasia, ule ubao wa ukingoni mwa paa, imepinda, gata haliwezi kuwa na mteremko, maji yote yanamwagika kati.

#23 chalii_wa_kwamrombo
Kwa hiyo ukifanya paa la mwinuko mkali ambalo lina bati nyingi unapata maji mengi zaidi?

#24 Kipimamvua_UsaRiver
Hapana, mvua inahesabiwa kwa eneo la chini ambalo paa limelifunika pamoja na upenu, siyo urefu wa bati. Mwinuko unasaidia maji yasisimame. Na usikusanye mvua ya kwanza, iache ioshe vumbi na mavi ya ndege.

#25 dada_wa_Pasua
Hili la floraidi lingefaa liwe na uzi wake. Moshi mjini tunashukuru, maji yetu ni ya chemchemi.

Turudi kwa fundi. Mimi sijui kupima geji wala kuangalia vale. Nilichofanya mara ya pili niliomba fundi anipeleke nyumba alizopaua miaka mitatu iliyopita, siyo za mwezi uliopita. Paa jipya lote linapendeza. Nikaongea na mke wa nyumba peke yake fundi akiwa nje, maana mama mwenye nyumba ndiye anajua ndoo inategwa wapi. Na nikaomba nipande darini mchana taa zimezimwa. Ukiona nukta za mwanga kama nyota juu, pale panavuja. Ukiona mbao ina alama za maji kama ramani, palishavuja.

#26 Mstaafu_Tengeru
Binti huyu kasema jambo kubwa kuliko sisi wote.

#27 upepo_kisongo
Naunga mkono ila tahadhari, fundi anaweza kukuonyesha nyumba ya fundi mwenzie. Ilinitokea. Muulize mwenye nyumba jina la fundi kabla hujamtaja.

#28 BomaLaMoshono
Wadau narudi na mrejesho. Nimefanya alichosema dada #25 na tahadhari ya #27.

Yule wa bati 130 nilipomuomba nyumba za kuangalia akasema wateja wake ni wazungu hawapendi kusumbuliwa. Nimemuacha. Wa 124 hakurudisha simu. Wamebaki wawili.

Wa 110 kanipeleka Ngaramtoni, nyumba ina miaka minne. Nimepanda darini saa saba mchana, giza totoro, hakuna nyota hata moja, mbao safi, vale pana kama alivyoeleza fundi_kenchi. Mwenye nyumba nikamuuliza kwa siri kazi ilikwendaje. Akaniambia paa halina tatizo ila usiombe, kazi ya wiki mbili ilichukua miezi miwili na nusu, anashika saiti nne kwa wakati mmoja, akaacha upande mmoja wazi mvua ikaharibu plasta ya chumba kizima.

Wa 96 kanipeleka Sokon II. Kamaliza kwa siku kumi na moja kama alivyoahidi, karudisha bati mbili zilizobaki na kilo moja ya misumari, mwenye nyumba anamsifu mpaka anataka kulia. Lakini nilipopanda darini nimeona nukta tatu karibu na vale, na mbao moja ina ramani. Nilipomwonyesha fundi hakubisha, alinyamaza akaziangalia muda mrefu, akasema Jumatatu anakuja kurekebisha bila hela. Na nimepita Jumanne, kweli kapita na kazi ameifanya.

Sasa nichukue yupi? Vuli hiyo iko mlangoni.

#29 Mangi_Kibosho
Wa 96. Mtu anayerudi bila kuvutwa ni adimu kuliko dhahabu. Vale anaweza kufundishwa.

#30 fundi_kenchi
Nitakuwa mkweli hata kama ni kujisema mwenyewe, mimi ningekuwa karibu na huyo wa 110, maana ufundi wa vale haufundishiki kwa wiki. Kuchelewa kunazibika kwa mkataba, mwambie kila wiki akichelewa unakata kiasi fulani. Tundu halizibiki kwa mkataba.

#31 MamaMbili_Njiro
Mwanangu fundi, mtu mwenye saiti nne hasomi mkataba. Plasta ya chumba kizima nani alilipa? Mimi naenda na wa 96, na akifika kwenye vale simama pale chini usiende hata kunywa chai.

#32 ramani_na_rula
Kuna njia ya tatu. Boma bado halijapigwa kenchi. Badilisha ramani liwe gebo, pande mbili, usiwe na vale kabisa. Hapo huyo wa 96 anakutosha na bati zinapungua.

#33 dada_wa_Pasua
Lakini gebo na upepo? Zile kuta za pembeni zinapanda juu, na Moshono kule mlimani nako kunavuma.

#34 upepo_kisongo
Dada yuko sahihi, gebo inapigwa na upepo kuliko pande nne. Ila siyo kama Kisongo. Afunge vizuri na ukuta.

#35 BomaLaMoshono
Nimezungumza na wa 96 kuhusu gebo, kachora, bati zimeshuka mpaka 88. Mke wangu anasema gebo inafanana na darasa, hataki. Tunaendelea kuongea nyumbani.

Mbao zimeshuka leo asubuhi. Nilikata kipande mbele ya dereva, kijani imeingia ndani. Nimezipanga na vijiti katikati kama alivyosema mzee wa Tengeru, zinalia kweli, ukishika mkono unalowa.

#36 Mstaafu_Tengeru
Umezifunika?

#37 BomaLaMoshono
Juu tu mzee, kwa bati chakavu. Pembeni nimeacha upepo upite.

#38 Mstaafu_Tengeru
Sawa. Wiki nne. Asikudanganye mtu.